Bawa Chini ya Mtumbwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, mmoja wa vijana wachache wa Uvira, mji wetu kando ya ziwa, waliokuwa wamefika huko wakati ule, na niliamini kwamba watu wote wa ufukweni wangesimama nikipita. Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa ziwa, Mzungu mrefu mwenye miguu myembamba tuliyemwita Direkta, alinitazama kuanzia viatu hadi shingo, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa: "Asistani, vua hiyo. Itaingia ndani ya mashine." Nikaivua. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi yangu na, kwa sehemu kubwa, mwisho wa utukufu wangu.

Kazi rasmi ya kituo ilikuwa samaki: kuwapima, kuwapasua, kujua wanakula nini na wanazaa lini. Lakini Direkta alikuwa na ugonjwa wake binafsi, nao ulikuwa mdiria. Namsema yule ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya ziwa kana kwamba ametundikwa kwa uzi, akipiga mabawa bila kwenda popote, kisha anadondoka na kuibuka na ndagala, dagaa wa kwetu, mdomoni. "Anasimama juu ya nini?" aliniuliza asubuhi ile. Nilijibu, kwa fahari ya msomi, kwamba anasimama juu ya hewa. "Hewa haina ngazi," alisema Direkta. "Bawa linaifanyia hewa kitu gani, hadi ikubali kumbeba? Kuanzia leo, hiyo ndiyo kazi yako."

Hewa haionekani, kwa hiyo tulitumia maji. Bawa hufanya mambo yale yale katika hewa na katika maji, mradi urekebishe ukubwa wake na mwendo wake. Tulikuwa na beseni la chuma na kioo, refu kuliko kitanda, na ndani yake ubao mwembamba uliochongwa kama bawa na kusimamishwa wima. Juu yake palikuwa na mkono wa chuma, na mtu aliyesukuma mkono huo kushoto na kulia alikuwa ni asistani, yaani mimi na digrii yangu. Ili tuone maji yanakwendaje tulinyunyiza unga juu yake, na Direkta akapiga picha akiwa amepanda ngazi.

Siku ile ya kwanza poda yake kutoka Ulaya ilikuwa imekwisha. Nikapendekeza unga wa muhogo. Ulielea vizuri kwa kitambo, kisha ukaanza kunywa maji, na kufikia adhuhuri beseni la utafiti lilikuwa limejaa uji. Direkta alichovya kidole, akakitazama. "Asistani," alisema, "umenipikia." Baadaye tulijifunza kutumia vumbi la manjano la maua ya magugu marefu yanayoota karibu na mdomo wa mto Ruzizi. Lile halilowi upesi.

Nitaeleza tulichokiona, na nitakieleza taratibu, kwa sababu maisha ya mtu mmoja, fundi seremala wa Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, yalikuja kutegemea swali hili hili: je, bawa linalopigwa majini linaweza kusukuma mtumbwi, ndiyo au hapana?

Chomeka kijiti katika mto. Nyuma yake utaona maji yakijiviringisha, duara dogo kushoto, kisha duara dogo kulia, moja baada ya jingine. Sisi tuliyaita visulisuli, kama vile vya upepo vinavyonyanyua vumbi barabarani. Kwa namna visulisuli hivyo vinavyozunguka, maji yaliyo katikati yao yanavutwa kukifuata kijiti, na kijiti kinahisi kuburutwa. Sasa ondoa kijiti, weka bawa, ulipige kushoto na kulia. Ukilipiga polepole mno, mambo ni yale yale ya kijiti. Lakini ukifikia mwendo fulani, visulisuli vinabadilisha mzunguko wao: cha kushoto kinazunguka kama kilivyozunguka cha kulia, na cha kulia kama kilivyozunguka cha kushoto. Ghafla katikati yao unatoka mkondo mwembamba unaokimbia kwenda nyuma. Na maji yakirushwa nyuma, bawa linasukumwa mbele. Ndiyo siri yote ya mdiria, ya samaki, na ya bata. Mdiria anarusha mkondo wake chini, naye anakaa juu.

Kuna ziada moja. Ukizidisha haraka, mkondo ule unapinda upande mmoja kama mtu aliyekatazwa njia, na nguvu yako inapotea pembeni. Kwa hiyo mwendo ni kila kitu. Direkta alikuwa na kisanduku cha mbao chenye kijiti kinachopiga mdundo, kile wanachotumia wanafunzi wa piano, na unyevu wa ziwa ulikiua mapema sana. Tukaendelea bila hicho. Ilichukua muda kabla hatujatambua kwamba picha zetu zote nzuri zilipigwa kabla tu ya chakula cha mchana. Wakati huo wanawake wa kambi ya wafanyakazi, nyuma ya maabara, walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Mkono wangu ulikuwa umefuata michi yao bila kuniomba ruhusa. Direkta alipoelewa, alicheka hadi akashuka ngazini. Tangu hapo tulipanga utafiti wetu kwa kufuata mboga.

Mabawa yenyewe yalichongwa na fundi Rajabu, seremala wa mitumbwi na mashua pale Kalundu, mtu wa makamo, mjukuu wa wale wafanyabiashara Waislamu waliokuja zamani kwa biashara ya ziwa. Alivaa kofia nyeupe iliyojaa vumbi la randa. Direkta alipomwomba bawa lenye mkia unaopinda, kwa kuwa bawa gumu lilikoroga tu, Rajabu alikata mpira wa tairi la lori na kuuunga nyuma ya ubao wa mvule kwa misumari ya shaba. "Minye fundi ya mitumbwi," alinilalamikia, "na nyinyi batu ya masomo munanipa kazi ya kutengeneza mukia. Nikifa, Mungu ataniuliza ulichonga nini, nimujibu aje?"

Uhuru ulitukuta katika hali hiyo. Tuliimba na kucheza kama wengine wote, na siku iliyofuata nikarudi kusukuma mkono wa chuma. Direkta alikaa kwa muda, kisha akaondoka na masanduku yake ya picha. Neno lake la mwisho langoni halikuwa la siasa. "Mpira wa bawa usikauke," alisema. "Upake mafuta." Mkuu wa Kituo wa kwanza baada yake aliteuliwa kutoka mji mkuu. Alifika, akauliza samaki wako wapi, akaonyeshwa bawa, akaomba uhamisho. Nikawa kaimu mkuu, cheo ambacho maana yake ni kwamba hakuna mwingine aliyekitaka.

Kisha uasi dhidi ya serikali ulifika Uvira, mwanzoni mwa kiangazi. Sitausimulia wote, kuna wanaoujua kuliko mimi, na wengi wao hawapo tena kuusimulia. Nitasema yaliyonigusa. Waasi walitaka pasiwepo mtu atakayevuka kwenda Burundi, ng'ambo ya ziwa, basi walipita ufukwe mzima, kutoka Kalundu hadi Kavimvira karibu na mpaka, wakachukua injini za boti na makasia yote, wakayafungia katika ghala la bandari. Mitumbwi waliiacha. Mtumbwi bila kasia, walisema, ni gogo. Aliyeonekana akipiga maji, hata kwa kipande cha ubao, alipigwa risasi kutoka gatini.

Jambo la pili lilihusu watu kama mimi. Karani wa kodi na mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani waliitwa kwenda kujieleza, kwa kuwa wao walikuwa watu wa kalamu, na watu wa kalamu walihesabiwa kuwa wa serikali. Walikwenda wamevaa mashati safi. Hawakurudi. Kisha mpiga mbiu akapita mtaani kwetu Kimanga akigonga debe na kutangaza kwamba wote waliosoma chuo kikuu wajipeleke Jumatatu. Katika mtaa wetu, hao wote walikuwa mimi.

Mke wangu Feza aliketi mlangoni akisikiliza debe likienda mbali. "Weye na masomo yako," alisema. "Ungesomea kushona nguo, tungekuwa tunalala."

Nilikwenda kwa Rajabu si kwa sababu nilikuwa na mpango bali kwa sababu kibarazani kwake ndiko nilikozoea kwenda nikiwa na taabu. Alikuwa akitengeneza jeneza. Nilimweleza. Aliendelea kupiga randa kwa muda mrefu, kisha akasimama.

"Makasia bamechukua," alisema. "Mabawa je? Bamechukua?"

Tulitazamana. Sikumbuki ni nani kati yetu aliyeanza kucheka, ila kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walioogopa. Kisha tukaanza kazi. Bawa kubwa la maabara lilikuwa bado na mpira laini, kwa maana nilikuwa nimetii na kuupaka mafuta. Rajabu alitoboa sakafu ya mtumbwi wake mmoja upande wa nyuma, akasimamisha bomba la chuma juu ya tundu ili maji yasipande, akapitisha nguzo ya bawa ndani ya bomba. Juu, ndani ya mtumbwi, aliweka mpini mfupi. Mtu aliyelala chali angeweza kuusukuma kushoto na kulia bila kuonyesha hata ukucha. Chini, bawa lingeteremka vya kutosha ili visulisuli visifike juu na kutusaliti.

Tulitoka mchana kweupe, kwa sababu saa hizo upepo wa kusini huvuma na chochote kinachoelea huenda kaskazini chenyewe. Feza alikataa kubaki. Tulilala sakafuni, yeye mbele, mimi nyuma, juu yetu mkeka uliotupwa ovyo, na Rajabu akausukuma mtumbwi kwa mguu kama anayefukuza mbwa. Nikaanza kupiga. Nilipiga kama mtu anayekimbizwa, na mtumbwi ukatikisika tu pale pale. Nilichokijua kwa miaka ya kazi kilikuwa kimenitoka chote. Feza hakunijua kama mtafiti ila kama mume mwenye pupa. Akaanza kugonga ubao kwa kidole, taratibu, mdundo wa mchi, na mkono wangu ukaukumbuka kabla yangu. Mtumbwi ukaenda.

Karibu na gati tulisikia sauti za walinzi wawili, karibu mno.

"Mutumbwi ya nani ile?"

"Iko tupu. Upepo imeiiba."

"Enda uikamate."

"Na kasia gani? Si tumezifungia zote?"

"Basi omba ufunguo."

"Ufunguo iko na shefu, na shefu analala. Enda weye umuamushe."

Hakuna aliyekwenda kumwamsha mkubwa wao huyo. Kisha mmoja alipiga risasi moja, kwa mchezo au ili aonekane amefanya kazi. Ilitoboa ubavu wa mtumbwi juu ya maji. Feza aliziba tundu kwa ncha ya kitenge chake na hakuacha kugonga. Tuliteremka na upepo, tukikata kidogo kidogo kuelekea mashariki, na jioni tuligusa mchanga wa Burundi.

Kama habari ingeishia hapo ningeisimulia kwa majivuno. Haikuishia hapo.

Waasi walipoondolewa na jeshi la serikali kurudi Uvira, watu walitakiwa kujieleza upya, safari hii kwa wengine. Tulikuwa bado Bujumbura, tumepanga chumba kwa jamaa wa Feza. Siku moja alikuja Mama Zaituni, mke wa fundi Rajabu, kwa lori la wauza samaki. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama.

"Bamemufunga, Asistani. Batu banasema weye ulivuka mbele ya macho ya waasi, mchana, bila kasia. Basi waasi ndio walikuachilia. Na aliyekupa mutumbwi ni mutu wao. Banasema muzee alikuwa fundi ya waasi."

"Na yeye amesema nini?"

"Amesema kweli! Amewaambia ulienda na bawa. Bakaona anabacheka. Bakamupiga. Bakamuuliza tena, akasema bawa. Bakamupiga tena. Amekuwa mujinga gani yule mwanaume? Angesema tu ulikuwa na kasia!"

Nilijua kwa nini hakusema kasia. Kasia lingemaanisha kwamba mtu wa ghala la bandari alimpa, na mtu huyo alikuwa jirani yake, mchukuzi wa Kalundu aliyelazimishwa kulinda mlango. Mama Zaituni aliongeza kwamba waliofungwa kwa kosa hilo walikuwa wakipelekwa wachache wachache nyuma ya kambi ya jeshi, na kwamba zamu ya mumewe ilikuwa imetajwa: Jumamosi.

Feza alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa. "Mutumbwi iko bado pale kwa wavuvi," alisema. "Umeupaka mafuta ule mupira?"

Mashua ya mizigo iliyoanza tena safari za Kalundu ilikubali kuuvuta mtumbwi kwa kamba nyuma yake. Ijumaa nilishuka bandarini na kukamatwa kabla sijakanyaga ardhi vizuri, jambo lililorahisisha safari, maana nisingejua ofisi ya Komanda wa jeshi iko wapi. Komanda alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa mto mkubwa wa magharibi, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kambini. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka mwenye bastola ananitisha kuliko mkali.

"Weye ndiye asistani."

"Ndiyo, Komanda."

"Ulivuka na nini?"

"Na bawa, Komanda."

"Bawa sawa ya kuku?"

"Sawa ya samaki, Komanda."

"Samaki haina bawa." Aliwatazama askari wake, nao wakacheka kama ilivyowapasa. "Weye na ule muzee mulipatana uongo moja. Uongo mubaya. Mungetafuta muzuri."

Nikamwambia mtumbwi uko gatini, na kwamba nitamwonyesha. Niliongeza, kwa ujinga wa wasomi, kwamba jambo hilo lina maelezo marefu ya kisayansi. Akaniambia maelezo nimwachie Mungu. Yeye angeingia ndani ya mtumbwi mwenyewe, ili pasiwe na kamba iliyofichwa wala mtu chini ya maji. Ukienda, sawa. Usipoenda, Jumamosi tutakuwa wawili.

Walimleta Rajabu. Alitembea mwenyewe, lakini mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga kifuani kwa kitambaa, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba na kwenda kila upande. Walimkalisha juu ya gunia la chumvi. Aliponiona alitikisa kichwa. "Umerudi," alisema. "Masomo mingi, akili kidogo." Kisha, kwa sauti ya juu ili askari wasikie: "Asistani, usinizamishie Komanda! Mutumbwi yangu ni ya batu wembamba!"

Nusu ya Kalundu ilikuwa gatini: wachukuzi, wanawake wa ndagala, wafanyabiashara na miavuli yao. Komanda alikaa mbele akinitazama, bastola juu ya paja ikinielekea. Nilikaa nyuma na kushika mpini. Hapakuwa na mchi wa kunisaidia, na Feza alikuwa Bujumbura. Nilianza, na hofu ikashika mpini pamoja nami. Nilipiga haraka. Mkondo ukapinda pembeni kama ulivyotakiwa na sheria zote nilizozijua, na mtumbwi ukaanza kuzunguka mahali pamoja, polepole, kwa heshima, ukimwonyesha Komanda kwa watu wa pande zote za bandari.

Gati lilipasuka kwa kicheko. "Iko natwanga mai!" alipiga kelele mchukuzi mmoja. Mwanamke akadakia: "Ongeza chumvi, baba, itaiva!" Komanda hakucheka. Rajabu pia hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho hakikuwa kwa ajili yetu.

Niliacha mpini. Nilikaa nikingoja maji yatulie, kwa kuwa bawa haliwezi kujenga mkondo juu ya vurugu lililolifanya lenyewe. Kunyamaza kule kuliwafanya watu waone nimeshindwa, na kicheko kikafifia chenyewe. Kisha nikaanza upya: kushoto, nikangoja mkia wa mpira ujikunje na kunyooka; kulia, nikangoja tena. Hakuna jambo gumu nililowahi kufanya kama kungoja kule, huku mtu akinielekezea bastola na mwingine akinielekezea maisha yake. Kushoto. Kulia. Mtumbwi ulisita, kisha ukajisogeza kama ng'ombe anayeamua mwenyewe kuinuka.

Maji ya karibu na gati ni ya kina kifupi, na chini kuna tope laini. Nilikuwa nimesahau hilo. Bawa lilikuwa likipita karibu na sakafu ya ziwa, na kila pigo liliinua tope likalizungusha. Nyuma yetu, katika maji ya kijani, visulisuli vya rangi ya udongo vilikuwa vikipanda kimoja kimoja, kushoto, kulia, kushoto, vimejipanga kama safu mbili za vikapu, na katikati yao mstari wa maji safi ukikimbia kuelekea gatini. Katika beseni la Direkta, kwa vumbi la maua na picha za Ulaya, sikuwahi kuviona vizuri hivyo.

Komanda alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.

"Iko nini ile?"

"Ni maji yanayozungushwa na bawa, Komanda. Yale ya katikati yanakwenda nyuma. Sisi tunakwenda mbele."

Alinyoosha kidole na kuvifuata: kimoja upande huu, kimoja upande ule. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Kwa kitambo hakuwa komanda wa mtu yeyote. "Na bila kasia," alisema. Kisha akageuka na kuona gati lilivyokuwa limebaki mbali, na Burundi mbele yetu, akanyanyua bastola. "Rudisha! Rudisha sasa hivi! Unanipeleka wapi?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kitu kile hakina njia fupi ya kugeuka. Nilimwomba avumilie. Tulifanya duara kubwa sana, bastola ikinitazama muda wote, na sikuharakisha, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kuharakisha kungetuletea nini.

Gatini hakuna aliyekuwa akicheka. Komanda alishuka, akasimama mbele ya Rajabu na kuutazama ule mkono. "Muzee alisema kweli," alisema hatimaye, si kwa Rajabu bali kwa askari. "Afunguliwe." Aliomba shoka, akaamuru bawa ling'olewe, akalipasua yeye mwenyewe, ubao na mpira, vipande vikatupwa majini. Alisema kitu kama hicho, siku waasi wakirudi, kisionekane tena ziwani. Sikubishana naye. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba mtu yule alikuwa amewaona wengi wakifa kwa kutoaminiwa, na hakupenda kukumbushwa kwamba huenda baadhi yao nao walisema kweli.

Nilimshika Rajabu mkono wa kushoto tukatembea hadi kwake. Njiani aliniambia, "Umenifungisha weye, umenifungua weye. Hatudaiani." Baadaye kidogo akaongeza: "Lakini kile kisu cha bawa, ukingo wake wa mbele, nilikuwa nimekichonga vizuri. Umeona kilivyokata mai?" Nilimwambia nimeona. Vidole vyake havikunyooka tena. Hakushika randa hadi alipofariki. Aliwafundisha wengine kwa kusema, akiwa amekaa kibarazani, na walimwogopa zaidi kuliko alipokuwa na mikono miwili.

Nilirudi kituoni na kufanya kazi miaka mingi chini ya wakuu wengi. Mkuu mmoja alitaka takwimu za ndagala, mwingine alitaka mvua, mwingine alitaka gari tu. Beseni lilikuwa limevunjwa vioo na kugeuzwa hori la kunyweshea ng'ombe waliokuwa wakishushwa kutoka milima ya Mulenge. Nilipoomba jingine niliulizwa mabawa yana faida gani kwa taifa, na niliona aibu kutoa jibu langu pekee, kwa sababu lilikuwa uhai wa mtu mmoja tu.

Sasa nimestaafu, mapema kidogo kuliko nilivyotaka na kwa kuchelewa kuliko walivyotaka wengine. Ninyi vijana mnaosomea mambo ya maji na hewa mna vyombo vinavyochora visulisuli kwa rangi bila tope wala uji. Ninawaonea wivu, na sitajifanya kwamba zamani ilikuwa bora. Lakini nimekaa na mawazo haya muda mrefu. Mwalimu mkuu na karani wa kodi walikuwa nao na kweli yao, wakaenda kuieleza, na haikuwa kweli inayoweza kuonyeshwa gatini mbele ya watu. Yetu iliweza, kwa sababu ya kina kifupi cha maji na tope la Kalundu. Tofauti kati yao na sisi ilikuwa hiyo tu. Sijui mtu anaweza kuifanyia nini tofauti ya namna hiyo, zaidi ya kutojivunia.

Utafiti wangu juu ya mabawa haukuchapishwa popote. Mtu akiniuliza matokeo yake ni yapi, humwambia kwamba fundi Rajabu na Mama Zaituni walipata watoto watatu baada ya siku ile. Wawili ni wasichana, wameolewa na wana kelele. Wa mwisho anatengeneza redio pale Kimanga, ana mikono mizuri kama ya baba yake, haogi ziwani, wala hali samaki.